Tunda Lililozikwa kwa Jina la Nyamhanga

Kambi ya Msafara, Bonde la Luangwa,
kupitia Posta ya Chipata, Zambia.
18 Juni 1989

Kwa Baba Machage, Butiama.

Shikamoo Baba. Salamu nyingi kwako, kwa Mama, kwa Bibi, na kwa ng'ombe wote, hata lile dume jeusi lililonikimbiza siku ya kuaga. Mimi ni mzima, ila mbu wa huku hawana adabu kabisa, wa Musoma wana nafuu.

Nilifika baada ya siku saba. Treni ilisimama Makambako kutwa nzima bila mtu kutueleza kitu, halafu mabasi matatu, halafu lori la msafara. Tuko kumi na wanne: Waingereza, Wajerumani, Wazambia watano, na Mtanzania mimi peke yangu. Wote tumejitolea. Hawa wa Ulaya wamejilipia nauli na chakula ili waje kulala chini kwenye mahema. Nikiwaambia kwetu watu wanalala chini bure, hawacheki.

Kazi hii uliicheka sana, kwa hiyo ngoja nikueleze. Hatuhesabu tembo walio hai tu, tunahesabu na waliokufa. Majangili wamelifyeka bonde hili kwa zaidi ya miaka kumi na mifupa imelala kila upande. Tunatembea kwa mstari, tukikuta mzoga tunapima, tunatafuta taya la chini, tunaangalia magego. Kwa magego unajua tembo alikufa akiwa na umri gani. Wengi walikuwa bado watoto. Anayetuongoza ni Bwana Mwale, askari mstaafu wa wanyamapori, mtu wa rika lako. Amenifundisha kutofautisha mfupa uliovunjwa na risasi, uliovunjwa na fisi, na ule uliovunjika mnyama akiwa hai ukaanza kuunga. Nashika haraka, anasema.

Jambo moja limenisumbua. Kando ya mto huu imejaa miegea. Siku ya kwanza nilipoyaona yale matunda yananing'inia, marefu kama mkono wa mtu, nilikaa chini hapo hapo. Wenzangu walidhani ni jua. Baadaye nikawaeleza: kwamba baba yangu mzazi, Nyamhanga, aliuawa na nyati mwaka 1981 alipokwenda kuwinda pamoja na wewe mdogo wake, kwamba mwili haukupatikana, na kwamba kwetu mtu wa namna hiyo anazikiwa tunda la mwegea, linavikwa shati lake, linaitwa kwa jina lake, na anayelibeba hadi kaburini ni yule aliyeiona maiti kwa macho yake. Nikawaambia wewe ndiye uliyelibeba, kisha ukamrithi Mama kama mila inavyotaka, ukanisomesha, na mimi nakuita Baba bila kujilazimisha. Msichana mmoja Mwingereza alilia.

Sijawahi kukuuliza habari za siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na tano na wewe ulikuwa huongei. Ukipata nafasi niandikie. Si lazima iwe ndefu.

Mwanao,
Euphrasia


Butiama,
30 Julai 1989

Kwa mwanangu Euphrasia,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika jana, imechoka kuliko mwandishi wake, na kona moja imeliwa na kitu nisichokijua. Nimeisoma mbele ya wote. Mama yako alitaka irudiwe pale pa treni. Bibi yako anauliza kama hao Wazungu wamekosa makaburi kwao mpaka waje kuchungulia ya tembo. Nimemwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Sisi hatujambo. Jike jeupe limezaa ndama wa kike. Pamba imetoka vizuri, imejaa ghalani inasubiri lori, na lori linasubiri tairi. Kitu cha kukusimulia ni Musoma. Unakumbuka miaka ile tulivyofulia majivu, mche mmoja wa sabuni ukigawanywa kwa uzi nyumba tatu? Juzi nimeona sabuni zimepangwa mpaka dari na hakuna foleni. Nilisimama pale kama mjinga. Mitumba nayo imetufikia hadi kijijini. Mzee Keraryo anavaa koti lenye maandishi ya Kijerumani mgongoni, kawaulize Wajerumani wako lina maana gani, sisi tunaogopa lisije likawa tusi.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Saruji inapatikana bila kibali. Nimeamua kulijengea kaburi la baba yako. Miaka minane limekaa udongo mtupu, mbuzi wanalipanda. Nimeongea na fundi Rashidi wa Musoma, yule aliyejenga birika la misheni, atakuja tarehe 28 Desemba wakati ndugu wote wapo nyumbani. Tutachinja. Jiwe la kwanza huwekwa na mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni wewe. Usinikosee katika hili, Euphrasia. Nataka jambo hili liishe.

Bibi yako tu ndiye hataki. Anasema kaburi lile ni jepesi, tusilitwishe mzigo. Ni uzee huo.

Kuhusu miegea, mti ni mti. Ila usikae chini yake, tunda lake likikuangukia linaua.

Ni mimi baba yako,
Machage


Luangwa,
2 Septemba 1989

Kwa Baba,

Shikamoo, na hongera kwa ndama. Barua yako ilifika juzi na nimeifurahia, hasa koti la Mzee Keraryo. Nimewauliza Wajerumani. Wanasema bila kuona maandishi hawawezi kujua, lakini wanahisi ni tangazo la bia.

Desemba nitakuja. Nimekwisha mwambia kiongozi wa msafara. Nilisikia fahari kusoma kwamba umekumbuka kaburi, nikawaonyesha wenzangu ile sentensi.

Lakini kuna kitu kimetokea na nisipokueleza wewe sijui nimweleze nani. Wiki iliyopita tulikuwa ng'ambo ya mto, sehemu ambayo msafara haujawahi kufika. Tulikuta mwegea mkubwa, na chini yake mifupa. Nilitoa utepe wa kupimia kwa mazoea. Bwana Mwale akanishika mkono. Ilikuwa ya mtu.

Alivua kofia akasalimia kwa Kinyanja kabla ya kugusa chochote. Halafu akatusomea. Alikuwa jangili, kwa sababu kulikuwa na nyaya za mitego. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti, umefungwa vijiti viwili na magome. Nami niliona mwenyewe, Baba, mfupa ulikuwa umeanza kuunga. Hiyo ni kazi ya majuma mawili au matatu. Kulikuwa na jivu, na kwenye shina alikata alama kwa kisu, moja kila siku. Nilizihesabu, ni kumi na tisa.

Bwana Mwale alisema, "Huyu hakuja peke yake. Waliokuwa naye walimfunga mguu, wakamwachia maji, wakasema tunarudi. Nimewaona wengi wa namna hii. Kwao wameshamlilia, na aliyepeleka habari anajua kuliko sisi kwamba huyu alikuwa bado anahesabu siku."

Tumemzika pale pale. Tangu hapo sina amani. Ninapofumba macho namwona anahesabu. Najilaumu, maana Baba Nyamhanga hakuteseka hivyo. Nakumbuka ulivyosema mbele ya wazee: nyati alimpiga pembe ya tumbo, akakata roho kabla hujamfikia, ukamfunika matawi, askari wa pori wakakufukuza, na uliporudi fisi walikuwa wametawanya kila kitu. Naomba unisimulie tena kwa mkono wako, polepole, kama vile nina miaka kumi na tano. Nikiisoma nitaweza kuwatenganisha hawa watu wawili kichwani.

Mwanao,
Euphrasia


Luangwa,
7 Oktoba 1989

Baba, shikamoo.

Ni kadi tu. Sijapata jibu lako, labda barua zinalala Chipata. Mvua inakaribia, tunaanza kufunga kambi. Nimepewa mataya mia mbili na kumi niyaandike kwenye fomu, lakini kila nikifika kumi na tisa nasimama. Niandikie hata mistari miwili.

Euphrasia


Butiama,
25 Oktoba 1989

Kwa mwanangu Euphrasia,

Marahaba. Barua yako ya Septemba ilinifikia tarehe 3 mwezi huu. Sikujibu kwa sababu ya kazi.

Saruji nimeipata, mifuko kumi na minne. Nimeipanga chumbani kwangu juu ya mbao ili isishike unyevu, kwa hiyo mama yako analalamika kwamba tunalala na mgeni. Mchanga umeletwa na mkokoteni kutoka mtoni. Mawe wamebeba vijana wa Mzee Keraryo. Fundi Rashidi ameniambia kaburi liwe na ngazi mbili na msalaba, nikamwambia yeye ni Mwislamu, misalaba anaijulia wapi, akasema ameshajenga mingi kuliko mapadri. Anataka nondo pia. Nimekubali. Nataka kitu kizito. Nataka kitu ambacho mvua haitakifukua wala mnyama hataking'oa.

Mama yako anakohoa kidogo. Bibi yako haoni tena vizuri, jioni anauliza nani anakohoa nje ya zizi, nami namwambia ni mama yako, ijapokuwa mama yako yupo jikoni.

Hayo mambo ya mifupa ya watu yaache. Umekwenda kuhesabu tembo, hesabu tembo. Huyo Bwana Mwale wako anajuaje aliyepeleka habari anajua nini? Alikuwepo? Mtu anaweza kumwacha mwenzake kwa sababu ambazo haziandikwi kwenye mti.

Umetaka nikusimulie upya. Hakuna jipya. Ni yale yale niliyosema mbele ya wazee. Baba yako alikuwa mwanamume. Hata nilipomfunga mguu hakulia, aliniuliza tu kama nimebakiwa na tumbaku. Basi, hayo yanamtosha binti.

Ukija usisahau kuniletea redio ndogo kama zinapatikana huko.

Baba yako,
Machage


Lusaka,
27 Novemba 1989

Baba mdogo, shikamoo.

Natumaini Mama anaendelea vizuri, na Bibi pia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umeandika mguu.

Mwaka 1981 ulisema tumbo. Ulisema alikata roho kabla hujamfikia. Maiti haifungwi mguu, na maiti haiombi tumbaku. Sikutegi, Baba mdogo, wala sitaki kushinda. Ninaogopa. Hata karani wa posta ameniuliza kama nina malaria.

Nina swali moja. Ulipomwacha, alikuwa hai?

Msafara umekwisha, lakini nabaki hapa hadi katikati ya Januari kupanga mataya kwenye ghala. Desemba sitakuja. Siwezi kuweka jiwe juu ya kitu nisichokijua. Jibu lako lipeleke kwa Mama mkubwa Pelagia, Manyamanyama, Bunda, nitafikia kwake.

Euphrasia


Butiama,
2 Januari 1990

Euphrasia,

Barua yako imefika tarehe 27 Desemba saa nne asubuhi. Fundi Rashidi alikuwa ameshafika na vibarua wake, dume jeusi limeshafungwa kwenye mti kwa ajili ya kuchinjwa, na shangazi zako wanaimba. Niliisomea chooni. Nilipotoka nikawaambia watu saruji imeshika unyevu, haifai. Uongo mwingine. Rashidi aligusa mfuko, akaniona, akawaambia vibarua wafunge vifaa. Ni mtu mwema. Yeye ndiye nimempa barua hii aipitishe Bunda.

Ndiyo. Alikuwa hai.

Unaijua ile Oktoba, hakukuwa na chumvi, sabuni wala mafuta ya taa. Tulipita Hunyari tukaingia porini kutega nyumbu, tukaushe nyama tubadilishane na watu wa visiwani. Siku ya tatu askari wakatuona, wakapiga risasi juu. Tulikimbia. Kaka akaanguka korongoni, mguu ukavunjika chini ya goti. Hakukuwa na nyati. Nilimfunga vijiti, nikambeba mgongoni kutwa nzima, kesho yake tena mpaka mchana. Nikashindwa. Nikamweka chini ya mwegea penye kivuli, nikamwachia kibuyu cha maji ya siku tatu, na nyama. Akasema, "Nenda, Machage, ulete watu. Sisi tulikuwaga tunabebana tangu utoto, mguu si kitu." Nikaenda.

Nilipofika uani Bibi yako alikuwa mlangoni. Akasema, "Umerudi peke yako." Nikasema ndiyo. Akapiga yowe. Sikusema amekufa. Nataka ulijue hilo, ingawa halinisaidii. Niliwaacha walie. Wiki ile askari walikuwa wamekamata watu wa Bunda na kuwapiga vibaya, nami nikawaza, wakijua yu hai watatoka wanaume ishirini na mikuki na wote tutafungwa. Nitarudi mwenyewe kimyakimya. Lakini kilio kikishaanza hakirudishwi. Mzee Keraryo akaniuliza mbele ya watu, "Mlikuwaga wawili. Maiti umeiona kwa macho yako?" Nikasema nimeiona.

Hapo mila ikanikamata. Aliyeleta habari za kifo havuki mto mpaka anyolewe, na hanyolewi mpaka siku ya nne baada ya maziko. Walinitafutia mahali pa kulala katikati ya wazee. Walinipeleka nikachume tunda kwa mkono wangu. Nililibeba, nikaliita kwa jina la kaka yangu, na muda wote ule nilikuwa nahesabu maji kwenye kibuyu.

Nilifika kule siku ya kumi tangu nimwache. Hakuwepo. Hakukuwa na mfupa wala nguo wala damu. Mvua ilikuwa imenyesha, nyayo hazikuonekana. Kibuyu kilikuwa kitupu, kimetundikwa kwenye tawi juu ya kichwa changu, ilibidi niruke kukifikia. Nilikaa pale mpaka jua likazama, nikiita. Kisha nikarudi nyumbani, nikawaambia habari ya fisi.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo chukua na hili. Wazee waliponipa mama yako, sikuhuzunika. Nilimpenda tangu siku aliyoletwa kama mke wa kaka. Miaka minane najiuliza kama hilo ndilo lililonifunga mdomo pale mlangoni. Mchana najibu hapana.

Kila jioni nikifunga zizi namsikia anakohoa ng'ambo ya ua, kikohozi chake cha tumbaku. Nikifungua hakuna mtu. Ndiyo maana nilitaka saruji.

Mama yako hajui kitu. Nakuomba kwa Mungu uniachie mimi nimwambie.

Machage


Manyamanyama, Bunda,
11 Februari 1990

Baba mdogo, shikamoo.

Nipo hapa tangu tarehe 20 Januari. Butiama ni mwendo wa asubuhi moja tu na bado nakuandikia, kwa sababu sijaweza kuutazama uso wako. Mama mkubwa Pelagia haumwi. Mama alikuaga kwamba anakuja kumwuguza dada yake, lakini ni mimi niliyemwita.

Uliniomba nikuachie umwambie mwenyewe. Nilikusubiri wiki mbili. Hukuja, na mimi sikuweza kukaa naye meza moja na barua ile mfukoni. Nimemsomea yote.

Nilidhani atalia. Alikaa akishona pindo la gauni, sindano haikusimama. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa mguu." Nikarudia. "Rudia pale pa kibuyu." Nikarudia. Ndipo akaweka gauni chini akanieleza jambo ambalo wewe hulijui.

"Ilikuwa mwezi na nusu baada ya tunda," alisema. "Nilikuwa naendaga kisimani kwa Keraryo saa kumi jioni, watu wakipungua. Nikaona mtu ng'ambo, ana gongo, mguu mmoja anauburuta. Nilimjua kwa mabega. Wewe hujui sisi tulivyofundishwa. Uliyemzikia tunda akija si yeye, ni mzimu. Ukimwitikia anakuchukua wewe na watoto wako. Unamfukuza kwa mawe mpaka aondoke. Nikaokota mawe."

Nikamwuliza kama ana hakika alikuwa yeye.

"Aliniita mara tatu. Jiwe la pili lilimpata hapa," akajigusa paji la uso, "damu ikatoka. Na shati lake lilikuwa na jasho, Euphrasia. Mzimu hautokagi jasho. Nililiona lile jasho, na bado niliinama nikaokota lingine. Alisimama kidogo, akageuka, akaondoka polepole kwa sababu hakuweza kukimbia. Nilimwambia Bibi yako tu. Akanikataza nisimwambie mtu, maana nilikuwa nimeshapewa kwa Machage. Lakini tangu siku ile yeye hakanyagi pale kaburini."

"Alisema nini, Mama?"

"Alisema, 'Marcelina, usiogope. Ni mguu tu.'"

Tangu aseme hivyo hajala vizuri. Hatarudi Butiama, ameniambia nikuandikie. Hakulaani. Anasema wewe ulimwacha njiani, lakini yeye alimfukuza mlangoni. Mimi nakulaani, Baba mdogo, halafu nakumbuka ulivyonitembeza hadi shule kwa baiskeli ile isiyo na breki, nashindwa kuendelea. Nimekuwa hivyo wiki nzima.

Sasa nisikilize. Mtu aliyevunjika mguu hawezi kutundika kibuyu mahali ambapo wewe mzima ulipafikia kwa kuruka. Kuna mkono mwingine uliokitundika. Mtu alimkuta, akamchukua, akamtunza mpaka mfupa ukaunga. Siku ile ukiita, ulikuwa umechelewa siku chache tu. Na huyo aliyemchukua, awe mlina asali au mchungaji, ana jina na ana kijiji. Aliyefukuzwa kwao huenda alirudi kwa yule aliyempokea.

Barua hii nimeituma kwa mkono ikufikie leo hii. Nenda kwa Mzee Keraryo kesho, useme mbele ya watu wale wale. Tunda lifukuliwe, jina lifunguliwe. Bibi atakuunga mkono. Jumanne saa mbili asubuhi nitakuwa stendi ya Bunda, na utanipeleka mpaka kwenye ule mti, halafu tutaanza kuuliza nyumba kwa nyumba kuanzia Hunyari. Usipokuja nitakwenda peke yangu.

Usibebe jembe wala sanda. Nimesoma mifupa miezi saba, naijua, na safari hii siyo ya mifupa. Tunamtafuta mzee wa miaka hamsini na minane anayechechemea, mwenye kovu la jiwe kwenye paji la uso, aliyerudi nyumbani kwake tukamfukuza.

Euphrasia Nyamhanga